Duka la Medali Mjini Malindi Ambamo Kilatini Husomwa Kabla ya Bei Kutajwa

Katika mji wa kale wa Malindi, kwenye kichochoro kinachotoka upande wa Msikiti wa Ijumaa na kuingia ndani mitaani, lipo duka dogo lisilo na bango ambalo wapita njia hudhani ni la fundi saa, kwa sababu kinachoonekana kutoka nje ni meza moja, taa moja yenye shingo ndefu, na mzee aliyeinamia kitu kiganjani. Ndani yake huuzwa sarafu za zamani, nishani za vita na, hili ndilo lililonipeleka huko mara sita mwaka huu, medali za kumbukumbu: zile zilizopigwa si kwa ajili ya kununulia kitu wala kumtuza askari, bali kuadhimisha tukio, kama vile kutawazwa kwa mfalme au kutimia kwa miaka kadhaa ya utawala. Sijapata duka jingine katika pwani hii ambalo mwenye nalo humsomea mnunuzi maandishi ya Kilatini yaliyo juu ya medali, neno baada ya neno, kabla hajataja bei, na kwa sababu hiyo nimeona inafaa kulieleza kwa urefu, pamoja na kasoro zake.

Mara ya kwanza niliingia na medali yangu mwenyewe mfukoni. Ilikuwa ya fedha, yenye upana wa milimita 26, niliyoirithi kwa mjomba wangu aliyefanya kazi bandarini Mombasa. Nyumbani kwetu ilisemekana tangu zamani kwamba ni medali ya arusi ya Wazungu wawili, mwanamke aitwaye Felicita na mwanamume aitwaye Claudi, kwa kuwa majina hayo yalionekana kuandikwa ukingoni kuzunguka kichwa cha mwanamke mzee aliyejitanda ushungi. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza, “Umeleta, mwanangu, au umekuja kuchukua?” Nilipomwambia kwamba nataka tu kujua ni kitu gani, hakuiweka kwenye mizani, kama wafanyavyo masonara wengi wanaoona fedha kabla ya kuona kazi. Alinipa kioo cha kukuzia, akavuta taa karibu, akaniagiza nisome herufi moja moja kwa sauti, bila kujaribu kuzifanya ziwe maneno ninayoyajua.

Nilisoma hivi: VICTORIA ANNVM REGNI SEXAGESIMVM FELICITER CLAVDIT XX IVN MDCCCXCVII. Akanieleza kwanza kwamba wachongaji wa maandishi haya hufuata desturi ya Warumi wa kale ya kuandika V mahali pa U, kwa hiyo ANNVM husomwa “annum” na CLAVDIT husomwa “claudit”. Kisha akanionyesha kwamba “feliciter” si jina la mwanamke, bali ni kielezi chenye maana ya “kwa baraka”, na kwamba “claudit” si jina la mwanamume, bali ni kitenzi, “anafunga”. Arusi ya Felicita na Claudi ikayeyuka palepale, na mahali pake pakabaki sentensi kamili: Victoria anafunga kwa baraka mwaka wa sitini wa utawala, tarehe 20 Juni 1897. Ilikuwa medali rasmi ya Kiwanda cha Sarafu cha Kifalme cha London, iliyotolewa kwa saizi mbili, milimita 56 na milimita 26, kwa dhahabu, fedha na shaba. Kichwa chenye ushungi ni kazi ya Thomas Brock, na upande wa pili una kichwa cha malkia huyohuyo akiwa kijana, cha mkono wa William Wyon, pamoja na mwaka 1837 aliorithi ufalme. Sisi tulidhani kichwa hicho cha pili ni cha binti wa maarusi.

Huduma hii ya kusoma ndiyo bidhaa halisi ya duka hili, na mzee huitoa kwa njia ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, kwa kuwa hamfundishi Mswahili Kilatini kwa kupitia Kiingereza. Alipofika kwenye maneno ANNVM REGNI SEXAGESIMVM aliniuliza, “Nikisema ‘kisu cha babu kikali’, nani mkali?” Nikajibu kwamba ni kisu. Akauliza nimejuaje, ilhali babu ndiye aliye karibu zaidi na neno hilo. Jibu ni ngeli: “ki” ya kikali inamruka babu na kurudi kwa kisu. Hivyo ndivyo “um” ya SEXAGESIMVM inavyoliruka neno REGNI, yaani “wa utawala”, na kurudi kwa ANNVM, “mwaka”, hata mtu asidhani kwamba utawala ndio wa sitini. Kiswahili hufunga fundo hilo mwanzoni mwa neno na Kilatini hulifunga mwishoni, lakini kazi ya fundo ni moja. Nilisoma sarufi ya Kiswahili kwa miaka mingi shuleni na sikuwahi kudhani kwamba ingekuja kunisaidia kwenye kipande cha fedha cha malkia wa Uingereza.

Upande wa kijana una maneno LONGITVDO DIERVM IN DEXTERA EIVS ET IN SINISTRA GLORIA, yaani urefu wa siku u katika mkono wake wa kuume, na katika mkono wa kushoto utukufu. Yametolewa katika kitabu cha Mithali, sura ya 3, aya ya 16, ambapo anayesifiwa ni Hekima. Mambo mawili katika aya hiyo yanastahili kuangaliwa. Neno “eius” halibagui mwanamume, mwanamke wala kitu, kama lisivyobagua neno letu “wake”, na kwa ajili hiyo aya iliyohusu Hekima iliweza kuvikwa malkia bila kuligusa neno hilo. Pili, Biblia ya Kilatini inataja utajiri na utukufu pamoja katika mkono wa kushoto, lakini medali imeutaja utukufu peke yake na kuuacha utajiri nje. Mzee hakutoa sababu ya kuachwa huko. Alinionyesha tu kwamba pengo lipo, nami naamini hiyo ndiyo heshima ambayo msomaji wa maandishi ya zamani anadaiwa.

Ugumu mkubwa wa medali hizi hautokani na lugha yenyewe, bali na ufupisho. Kwa kuwa Kilatini huweka habari za sarufi mwishoni mwa neno, na mchongaji mwenye nafasi finyu hukata mwisho huohuo, kinachobaki ni shina lisilo na fundo. IMP inaweza kuwa “imperator” au “imperatrix”, mfalme mkuu au malkia mkuu, na mtu huamua kwa kutazama kichwa kilichochorwa. Katika jambo hili mzee alinifundisha kanuni moja ambayo peke yake inalipia safari ya kwenda dukani kwake: herufi ya mwisho ya ufupisho ikirudiwa, neno hilo lina wingi. Mfano wake ni nishani ya fedha ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliyopewa pia askari wa King’s African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, ambayo imeandikwa GEORGIVS V BRITT: OMN: REX ET IND: IMP: kuzunguka kichwa cha mfalme. T mbili za BRITT zinasema “Britanniarum”, Britania nyingi, na OMN ni “omnium”, zote. Kwa hiyo ni George wa Tano, Mfalme wa Britania zote na Mfalme Mkuu wa India. Lakini kanuni hii haitumiki kila mara. Nishani ya Vita vya Pili, iliyopigwa kwa jina la George wa Sita, imeandika BR: OMN: tu, na anayesubiri T ya pili atasubiri bure.

Nishani hizo za askari hufika dukani zikiletwa na familia, mara nyingi wajukuu waliozikuta sandukuni, na hapa ndipo nilipomwona mzee akifanya jambo ambalo linanifanya nimwamini kwa mengine yote. Nishani ya Vita vya Kwanza hupigwa namba, jina na kikosi cha askari kwenye ukingo wake, herufi ndogo ambazo watu wengi hawajui hata kwamba zipo. Kijana mmoja alileta ya babu yake akitaka pesa siku hiyohiyo. Mzee alimwambia, “Kaa kitako kwanza, mjukuu wangu,” akampa kioo, kalamu na karatasi, akamwagiza anakili ukingo wote na kwenda kuwaonyesha wazee wa nyumbani. Wakiafikiana kuuza, arudi. Sikupata kujua kama alirudi. Katika mji mwingine wa pwani nimewahi kuona nishani kama hiyo ikinunuliwa kwa uzito wa fedha na kupelekwa kuyeyushwa bila mtu kugeuza ukingo wake kwenye mwanga, na jina la mtu likaishia motoni.

Kwa anayetaka kuanza kwa gharama ndogo, ningependekeza medali ya mwaka 1935 ya miaka 25 ya utawala wa George wa Tano, iliyosanifiwa na Percy Metcalfe. Niliinunua ile ndogo ya fedha, milimita 32, kwa shilingi 3,000. Mgongoni ina ngome ya Windsor na maneno matatu, STET FORTVNA DOMVS. Maneno hayo yametokana na mshairi wa Kirumi Virgil, katika shairi linalozungumzia nyuki, ambapo imeandikwa “stat fortuna domus”: nyuki mmojammoja hufa, lakini bahati ya nyumba yao yasimama miaka mingi. Medali imebadili herufi moja, “stat” ikawa “stet”, na kwa badiliko hilo habari imegeuka dua: bahati ya nyumba na isimame. Tazama kwamba Kiswahili hufanya vilevile, “yasimama” ikawa “isimame”, a ya mwisho ikageuka e. Neno “domus” nalo ni nyumba kwa maana ile tunayoitumia tunaposema mtu fulani ametoka nyumba fulani, yaani ukoo, na mzinga wa nyuki, jumba la Windsor na ukoo wa mfalme vyote vinaingia ndani yake. Mfalme huyo alifariki Januari 1936, miezi minane tu baadaye. Kati ya vyote nilivyonunua, hiki ndicho ninachokitoa mara nyingi zaidi kukitazama.

Bidhaa nyingine zinaakisi historia ya Malindi yenyewe. Kuna kijisanduku cha sarafu za kumbukumbu za Ureno za mwaka 1898, zilizotolewa kutimiza miaka 400 tangu safari ya Vasco da Gama, ambaye alitia nanga hapa Aprili 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Zina msalaba na maneno IN HOC SIGNO VINCES, “kwa alama hii utashinda”, ambayo kwa mapokeo huhusishwa na mfalme Konstantino wa Roma. “Vinces” ni neno moja, na “utashinda” ni neno moja: mtendaji, wakati na kitendo vyote vimo ndani. Sijui niseme nini juu ya ushindi uliokusudiwa, kwani Mombasa na Faza ziliupata kwa moto wa Wareno, lakini mtu akitoka dukani na sarafu hiyo mkononi, akatembea mpaka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, ile yenye msalaba pale rasini, atakuwa ameona msalaba wa safari moja mara mbili.

Medali za mapapa ndizo nyingi kuliko zote, na sababu ni Waitaliano waliokuja Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kurusha vyombo vya anga kuanzia miaka ya 1960, na wengine waliofuata kustarehe na kukaa. Hizi ni rahisi kusoma kwa mwanafunzi, kwa kuwa maneno yake hujirudia: PONT MAX ni “pontifex maximus”, cheo cha kuhani mkuu wa Roma ya kale ambacho mapapa walikichukua. Kinachopoteza wengi ni AN pamoja na namba. Huo ni mwaka wa upapa wa mhusika, unaohesabiwa tangu siku aliyochaguliwa, si mwaka wa kalenda. Yohane Paulo wa Pili alichaguliwa tarehe 16 Oktoba 1978, hivyo AN II ilianza Oktoba 1979 na kwisha Oktoba 1980, na ndani yake imo ziara yake ya kwanza ya Kenya, Mei 1980.

Sasa kasoro. Nilipofika mara ya pili nilikuta reale ya Maria Theresia, sarafu ya fedha ya Austria, imewekewa kikaratasi cha “asili, 1780”, na bei iliyolingana na dai hilo. Hilo halikuwa sahihi. Malkia huyo alifariki Novemba 1780, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu hawakutaka sarafu yenye sura nyingine, iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka uleule kwa muda wa karne mbili, si Vienna tu, bali pia Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay. Mwaka 1780 juu ya reale hiyo hausemi umri wake. Nilimweleza mzee kwa adabu, naye akakiri kwamba kikaratasi kiliandikwa na mtu aliyemletea, akakiondoa mbele yangu. Lakini mnunuzi aliyetangulia asingekuwa na bahati hiyo, na duka linalojengwa juu ya usomaji makini halipaswi kuwa na vikaratasi vya kuazima. Sarafu yenyewe inafaa kununuliwa kwa bei ya haki, kwa ajili ya ukingo wake wenye maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, ambayo masonara wa Lamu waliyayeyusha kwa maelfu wakitengeneza vikuku bila shaka bila kuyasoma.

Jambo la pili ni uhifadhi. Mzee haruhusu medali kusuguliwa, na amefanya vizuri, kwa sababu ndimu na majivu, dawa ya bibi zetu kwa vyombo vya fedha, hula ncha za herufi na kuacha maandishi yaliyolainika ambayo hakuna kioo kitakachoyarudisha. Lakini baadhi ya medali za shaba amezitia katika vifuko vya plastiki laini, ile inayonuka upya, ambayo kwa joto na chumvi ya Malindi huchuja na kuacha utando wa kijani juu ya chuma. Nilikuta utando huo kwenye medali mbili. Bahasha za karatasi isiyo na asidi zingegharimu kidogo kuliko hasara hiyo.

La tatu ni sheria. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kuwa cha kale kinacholindwa, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Medali yangu ya 1897 imepita mpaka huo kwa miaka miwili. Reale nyingi za zamani hazikupita. Wageni huingia dukani humo kila msimu na kuondoka na mifuko, na hakuna tangazo lolote ukutani. Nimemwomba mzee aliandike, kwa Kiswahili na kwa Kiitaliano, na alisema atafanya hivyo.

Bei hazijaandikwa, hutajwa kwa mdomo, na hupungua kidogo kwa anayerudi. Kwa maoni yangu ziko ndani ya haki, isipokuwa za medali za mapapa, ambazo zimepandishwa kwa kutarajia watalii. Malipo ni kwa taslimu au M-Pesa, na risiti huandikwa kwa mkono ikiombwa. Duka hufungwa adhuhuri mpaka alasiri, na Ijumaa hufunguliwa jioni tu. Taa ni moja, kwa hiyo wanunuzi wawili wakikutana mmoja hungoja gizani.

Katika ziara yangu ya mwisho alinitolea ile kubwa ya 1897, ya shaba, milimita 56, mwenza wa ile medali yangu ndogo. Ina jeraha ukingoni na rangi ya uzee iliyokoza kama tende, lakini herufi zote zimesimama, na kwenye ukubwa huo hata mikunjo ya ushungi inahesabika. Alinipa kioo, akakaa kimya, akaniacha niisome peke yangu mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili, na nilipomaliza ndipo alipotaja shilingi 7,000. Nimeiwekea arbuni ya shilingi 2,000, na nimemwomba aitoe katika kile kifuko cha plastiki mpaka nitakaporudi.